Kishore Kumar mbele ya kamera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu zake za nyimbo na vichekesho

Kishore Kumar alikuwa mwimbaji aliyeigiza, au mwigizaji aliyeimba?

Inategemea unazungumzia miaka ipi. Alizaliwa Khandwa, India ya kati, tarehe 4 Agosti 1929, akapewa jina Abhas Kumar Ganguly, kitindamimba wa watoto 4 wa wakili wa Kibengali. Kaka yake, Ashok Kumar, alimzidi karibu miaka 18, na Kishore alipofika Bombay kijana yule alimkuta kaka tayari ni stelingi anayejaza majumba ya sinema. Kaka alimtaka aigize. Mdogo mtu alitaka kuimba.

Sura yake ilionekana kwanza katika Shikari (1946), na wimbo wake wa kwanza wa peke yake ulikuwa katika Ziddi (1948), akimwimbia mwigizaji Dev Anand, yaani sauti ya Kishore, sura ya Dev Anand. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960 watazamaji walimjua zaidi kama mchekeshaji anayejiimbia mwenyewe. Baada ya Aradhana (1969), ambamo alimwimbia mwigizaji Rajesh Khanna, sauti ikameza uigizaji. Wengi wa walioanza kumsikia baada ya hapo hawajui kabisa kwamba mtu huyu aliwahi kuvunja mbavu za watu kwenye skrini. Maswali yaliyo hapa yanahusu kipindi hicho cha kwanza.

Mbona katika filamu za Kihindi kila stelingi anaimba? Yeye ana tofauti gani?

Stelingi haimbi, anachezesha midomo. Kazi hupita hatua hizi: mtunzi wa muziki hutengeneza lahani, mshairi huandika maneno, mara nyingi akiyapima juu ya lahani iliyokwisha kuwepo, mwimbaji na wapiga ala huingia studio na kurekodi. Enzi zile walirekodi wote kwa pamoja, na mpiga fidla mmoja akikosea, wimbo ulirudiwa tangu mwanzo. Ndipo rekodi ile ilipopelekwa mahali pa kupigia picha, ikachezwa kwa spika kipande kwa kipande, na mwigizaji akafuatisha.

Mambo yanayoharibika hapo ni matatu, na ukishayajua utayaona kila mahali. Midomo huchelewa au hutangulia. Pumzi haionekani: mwimbaji alivuta hewa studioni kabla ya mstari mrefu, lakini kifua cha mwigizaji kimetulia tuli. Na shingo haifanyi kazi, sauti imepanda juu sana huku koo la anayeonekana liko kama la mtu anayekunywa chai.

Kishore alijua alivuta pumzi wapi kwa sababu aliivuta mwenyewe. Sauti inapokatika, bega linashtuka. Anapong'ata neno, taya linang'ata. Kichekesho chake kinakaa hapo, kwenye sehemu za sekunde kati ya sauti na mwili, na hapo ndipo mwigizaji wa kufuatisha midomo hawezi kufika hata awe hodari vipi. Ukitazama filamu zake ukiangalia uso tu utacheka. Ukiangalia koo na mabega utaelewa unachochekea.

Ni kweli kwamba yeye naye aliwahi kuimbiwa na mtu mwingine?

Kweli, na aliyemwimbia ni mwimbaji Mohammed Rafi. Katika Ragini (1958), yenye muziki wa O. P. Nayyar, wimbo "Man mora bawara" unatoka kinywani mwa Kishore kwa sauti ya Rafi. Ikarudiwa katika Shararat (1959), wimbo "Ajab hai dastan teri". Ule wa kwanza umejengwa juu ya raga, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa jadi wa India, na Kishore hakuwahi kukaa chini ya mwalimu wa muziki wa jadi.

Tunapendekeza zoezi moja. Tazama kipande hicho cha Ragini, kisha tazama wimbo wowote aliojiimbia mwaka ule ule. Mtu ni yuleyule, umri uleule, lakini katika cha kwanza mikono yake haina kazi. Hakuna somo fupi zaidi ya hilo kuhusu mwimbaji anayeigiza.

Nianze na filamu ipi?

Chalti Ka Naam Gaadi (1958). Jina lake ni kama kusema "kinachokwenda ndicho gari". Imeongozwa na Satyen Bose, muziki wa S. D. Burman, maneno ya Majrooh Sultanpuri. Ndugu watatu wa kweli, Ashok, Anoop na Kishore, wanaigiza ndugu watatu wenye gereji mjini Bombay. Mkubwa, Brijmohan, ni bondia wa zamani aliyekataza habari yoyote ya wanawake ndani ya gereji. Usiku mmoja wa mvua anaingia Renu (Madhubala), ameloa chapachapa, gari limemfia njiani. Wa zamu ni Manmohan, ndugu mdogo, yaani Kishore.

Simama hapo kwenye "Ek ladki bheegi bhaagi si", na utazame mara tatu. Mara ya kwanza furahia tu. Mara ya pili usimwangalie Kishore, msikilize yeye na kifaa alichoshika: anagonga bodi la gari, na mlio huo umeingia kwenye mdundo wa wimbo, kwa hiyo mkono unapaswa kutua palepale ala zilipotua studioni. Ukichelewa robo ya pigo, mtazamaji anaona uongo. Mara ya tatu mwangalie Madhubala. Haimbi hata neno, lakini anakasirika, anajizuia kucheka, anashindwa, na kila badiliko lake linampa Kishore kitu cha kujibu. Wimbo wa mtu mmoja umegeuka mazungumzo ya watu wawili.

Renu anaondoka bila kulipa, na deni lile la rupia 5 na ana 12 ndilo linaloendesha hadithi na kuzaa wimbo mwingine, "Paanch rupaiya barah aana". Rupia moja ilikuwa na ana 16, kwa hiyo anadai rupia 5 na robo tatu. India ilikuwa imehamia kwenye sarafu za desimali Aprili 1957, mwaka mmoja tu kabla, na watu walikuwa bado wanahesabu kizamani. Zanzibar nayo ilitumia rupia mpaka shilingi ilipoingia 1936, na neno letu "pesa" ni ndugu wa "paisa" yao, basi deni hilo si geni sana kwetu.

Udhaifu wa filamu ni sehemu ya mwisho. Mambo ya adui na utekaji yanarefushwa, nyimbo zinapungua. Vumilia.

Je, ni kweli aliimba sauti ya kiume na ya kike katika wimbo mmoja?

Ndiyo. Wimbo ni "Aake seedhi lagi dil pe" katika Half Ticket (1962), filamu ya Kalidas, muziki wa Salil Chowdhury, maneno ya Shailendra. Kishore ni Vijay, mtoto wa tajiri aliyetoroka nyumbani. Pesa ya nauli ya mtu mzima haitoshi, basi anavaa kama mtoto, anajiita Munna na kukata tiketi ya nusu ya treni kwenda Bombay. Mwizi wa almasi, aliyeigizwa na Pran, anamtumbukizia almasi mfukoni bila yeye kujua, na kuanzia hapo ni mbio.

Sehemu ya kike ilikusudiwa mwimbaji Lata Mangeshkar. Hakupatikana siku ya kurekodi, Kishore akaimba zote mbili. Kwenye picha yeye ndiye aliyevaa nguo za kike, na Pran anafuatisha ile sauti ya kiume.

Wengi hudhani sauti ya kike ni sauti iliyobanwa tu. Sivyo, na ukitaka kuhakikisha, fanya hivi. Sikiliza bila picha. Gundua kwanza kwamba sauti ya kike haina mtetemo mzito wa kifuani. Imepandishwa kichwani na kuachiwa hewa kidogo. Kisha sikiliza konsonanti: za mwanamume zinapigwa, za mwanamke zinapakwa mafuta. Halafu sikiliza mahali sauti moja inapomdakia mwenzake. Mtu asiyejua ataapa wako wawili, kwa sababu kila mmoja ana tabia yake, na mwanamume wa wimbo huu ni mjinga zaidi ya mwanamke. Kubadilisha sauti wengi wanaweza. Kubadilisha tabia ndani ya mstari mmoja ni kazi nyingine.

Uigizaji wake wa mtoto katika filamu hii hauwapendezi wote. Kwa maoni yetu umezidi chumvi katika saa ya kwanza, na watazamaji wanaokata tamaa hukata hapo, kabla ya kuufikia wimbo huu.

Padosan nayo? Stelingi si Sunil Dutt?

Stelingi ni Sunil Dutt, lakini bila Kishore hakuna filamu. Padosan (1968), ya rangi, iliongozwa na Jyoti Swaroop, muziki wa R. D. Burman, maneno ya Rajendra Krishan. Bhola (Dutt) anampenda jirani yake Bindu (Saira Banu), ila Bindu anapenda muziki na ana mwalimu wa muziki, Master Pillai (Mehmood). Bhola akifungua kinywa kuimba, ni balaa. Basi rafiki yake Vidyapati, kiongozi wa kikundi cha maigizo mwenye nywele ndefu na tambuu mdomoni, anajificha na kuimba, huku Bhola akichezesha midomo dirishani. Vidyapati ndiye Kishore.

Umeiona hiyo? Filamu imeitoa siri ya kazi nzima hadharani. Kile ambacho sinema ya India huficha katika kila wimbo, hapa kinafanywa mbele yako, na anayekifanya ni mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake halisi. Katika "Mere saamne wali khidki mein" Dutt anaigiza mtu anayejifanya anaimba, kwa hiyo anatakiwa akosee midomo kwa makusudi na kwa kipimo. Akikosea sana Bindu angetambua. Asipokosea kabisa hakuna kichekesho.

Kilele ni "Ek chatur naar", mashindano ya dirisha kwa dirisha. Pillai anaimbiwa na Manna Dey, mtu aliyesomea muziki wa jadi hasa, na Mehmood mwenyewe anachomekea maneno yake. Upande wa pili ni Kishore. Fuatilia jinsi mchezo ulivyopangwa: Pillai anatoa changamoto kwa kuimba majina ya noti, sa re ga ma, safi kama alivyofundishwa, jibu linakuja likivunja kanuni, likiiga, likichezea neno moja mpaka lipoteze maana. Bhola huku anahangaika kufuata, midomo inapotea, anajifunika uso, anarudi. Tafuta wakati kamera inapowaonyesha Dutt na Kishore pamoja: utaona sauti ikitoka kwa mwenyewe na mwingine akiivaa.

Ile sauti inayoruka ruka juu na chini inaitwaje, na aliipata wapi?

Ni yodeli. Mwimbaji huanza na sauti ya kifuani, kisha huirukia sauti nyembamba ya kichwani bila kuulainisha ule mpasuko wa katikati. Waimbaji wengine hufundishwa kuuficha mpasuko huo. Katika yodeli ndio ladha yenyewe. Kishore aliuchukua kutoka kwenye santuri za Jimmie Rodgers wa Marekani na Tex Morton aliyetokea New Zealand, akaupanda katika lahani za Kihindi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wimbo unaobeba jina la filamu ya Jhumroo (1961), ambayo muziki wake aliutunga yeye mwenyewe. Ndani ya filamu hiyo hiyo kuna "Koi hamdam na raha", wimbo wa huzuni usio na ruka ruka yoyote, ambao Ashok Kumar aliuimba zamani katika Jeevan Naiya (1936). Weka nyimbo hizo mbili pamoja upate kipimo cha sauti yake.

Ukijaribu yodeli mwenyewe, makosa ya kawaida ni kuisukuma kwa nguvu, ambako hukwaruza koo, na kupanda polepole. Mpasuko hutaka wepesi. Fungua kwa "o" chini, ruka kwenye "i" juu, kwa sauti ndogo, dakika chache tu.

Alicheza filamu ngapi na Madhubala?

Tano: Dhake Ki Malmal (1956), Chalti Ka Naam Gaadi (1958), Mehlon Ke Khwab (1960), Jhumroo (1961) na Half Ticket (1962). Walioana 1960. Madhubala alikuwa na ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, akafariki Februari 1969 akiwa na miaka 36.

Sijui Kihindi. Nitafuata vipi?

Hadithi utaifuata kwa tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Nyimbo ndizo shida, maana nakala nyingi hutafsiri mazungumzo na kuacha nyimbo wazi, na vichekesho vyake vingi viko kwenye nyimbo. Tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi, uyasome kabla ya kutazama.

Utashangaa unajua mengi kuliko unavyofikiri, kwa sababu Kiswahili na Kihindi vimechota kwenye kisima kimoja cha Kiarabu na Kiajemi. "Haal kaisa hai janaab ka" katika Chalti Ka Naam Gaadi ina "hali" na "janabu" ndani yake: anauliza hali ya janabu ikoje. "Babu samjho ishare" ina "ishara". Duniya, waqt, khabar, zamana, kitaab: hayo huhitaji kamusi.

Nimeipata nakala, lakini wimbo haupo, au sauti imekuwa nyembamba. Kwa nini?

Kuna sababu kadhaa, na zinatambulika.

Wimbo kukosekana: filamu hizi nyingi zina urefu wa zaidi ya saa 2 na dakika 40. Diski moja ya VCD huchukua dakika 74 hadi 80. Ukikuta filamu ya dakika 170 kwenye diski 2, hesabu imekataa na kuna kilichokatwa. Tafuta ya diski 3 au DVD. Nakala zilizorekodiwa kutoka kwenye televisheni zina tatizo hilohilo kwa sababu ya matangazo.

Sauti nyembamba: filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali mfumo wa televisheni wa PAL hutumia 25. Nakala ikiharakishwa ili ilingane, inakimbia kwa asilimia 4, filamu ya dakika 170 inaisha karibu dakika ya 163, na sauti inapanda kwa kiasi cha 0.7 ya nusu toni. Kwa mtu anayesikiliza sauti ya Kishore, hilo si dogo. Uzito wa kifua unapungua. Programu za kuchezea video zenye kirekebisho cha kasi zinatibu: weka 0.96, na uzime kile kipengele kinachoshikilia kimo cha sauti, la sivyo kasi itashuka na sauti ibaki juu vilevile.

Midundo isiyokuwepo: ukisikia ngoma za mashine na mwangwi mkubwa, umepata toleo la "jhankar", ambalo wauzaji wa kaseti walilitengeneza miaka ya baadaye kwa kuongeza midundo juu ya rekodi ya zamani. Midundo hiyo hufunika mlio wa kifaa cha gereji na pumzi za mwimbaji, yaani ile kazi yenyewe. Iache.

Miguu na vichwa kukatwa: filamu zake za nyeusi na nyeupe zina picha iliyo karibu na mraba. Televisheni pana ama huivuta, watu wakawa wanene, ama huikata juu na chini. Weka 4:3 na ukubali mistari myeusi pembeni. Kishore huchekesha kwa magoti, huwezi kumkata miguu.

Mwisho, toleo la santuri na la filamu hutofautiana. Upande mmoja wa santuri ya kasi ya 78 ulichukua dakika tatu na kitu, basi beti ziliachwa. Ukiona wimbo wa filamu una ubeti usioujua, hujapotea.

Na unapotafuta, jaribu tahajia zaidi ya moja: Gaadi na Gadi, Jhumroo na Jhumru. Ongeza mwaka daima, maana majina ya filamu hurudiwa.

Filamu hizi zina uhusiano wowote na muziki wa pwani yetu?

Filamu za Kihindi zilionyeshwa kwa miongo mingi Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na lahani zake ziliingia kwenye taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa ndiye aliyejulikana zaidi kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika lahani za Kihindi. Ukisikia taarabu ambayo mstari wake unavutwa katikati ya neno pasipo sababu ya kishairi, huenda silabi za Kiswahili zinajazia nafasi ya neno la Kihindi lililokuwa refu zaidi.

Alifanya filamu zisizo za kuchekesha?

Ndiyo. Naukri (1954) ya Bimal Roy inahusu kijana anayetafuta kazi. Door Gagan Ki Chhaon Mein (1964) aliitayarisha, akaiongoza, akaitungia muziki na kuigiza pamoja na mwanawe Amit. Ni ya huzuni tangu mwanzo hadi mwisho. Usiichague kwa jioni ya kucheka.

Nikishazimaliza hizo, niendelee na zipi?

New Delhi (1956), ambamo kijana wa Kipunjabi anajifanya Mtamil ili apangishwe chumba. Asha (1957) kwa ajili ya "Eena meena deeka", wimbo wa maneno yasiyo na maana ambao mwimbaji Asha Bhosle naye ana toleo lake katika filamu hiyohiyo. Delhi Ka Thug (1958) akiwa na Nutan, ambamo herufi za Kiingereza zinageuzwa wimbo wa kubembelezana. Man-Mauji (1962) kwa ajili ya "Zaroorat hai zaroorat hai", tangazo la kutafuta mke lililowekwa lahani na Madan Mohan. Pyar Kiye Jaa (1966) nayo inafurahisha, ila jua mapema kwamba kipande kinachokumbukwa na wote humo ni cha Mehmood akimsimulia Om Prakash hadithi ya kutisha, na Kishore hayumo katika kipande hicho.